Maabara Iendayo Shamba: Tahakiki ya Istilahi za Utafiti wa Ikolojia Kisiwani Unguja

1. Utangulizi

Katika makala haya tumekusudia kuzipima istilahi chache zinazotumika kuelezea chombo ambacho hadi karibuni hakikuhitaji jina katika Kiswahili. Chombo chenyewe ni ile maabara isiyokaa mahali pamoja, ambayo hupakiwa katika gari au katika masanduku ikapelekwa msituni, mikokoni au kondeni, ikafanya kazi huko siku kadhaa, kisha ikarudi ilikotoka. Ndani yake mna mizani, darubini, vyupa vya dawa, kekee ya kutobolea udongo, friji ndogo iendeshwayo kwa nguvu za jua, na siku hizi hata mashine ya kusomea jeni inayoenea kiganjani. Mwaka 2015, wakati wa maradhi ya Ebola nchini Guinea, wataalamu walisafiri na maabara nzima ya kusomea jeni za virusi ndani ya mizigo ya kawaida ya ndege. Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa kwa nchi wanachama maabara tisa za kupimia maradhi zilizoundwa ili ziweze kupelekwa popote. Kile kilichoanza kwa maradhi ya binadamu kimekwishaingia katika uchunguzi wa udongo, miti na wanyama.

Msomaji anaweza kuuliza: kisiwa kama Unguja kina haja gani na chombo cha namna hii, hali kutoka Mji Mkongwe hadi msitu wa Jozani ni mwendo wa kilomita zipatazo 35 tu? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo msingi wa makala haya. Masafa yanayomsumbua mtafiti ni yale baina ya Jozani na maabara za Ulaya na Marekani, ambako kwa miaka mingi vifuko vya udongo, majani na kinyesi cha wanyama vimekuwa vikipelekwa ili vikapimwe. Matokeo yalirudi baada ya miezi, pengine baada ya miaka, yakiwa yameandikwa kwa lugha ya kigeni. Muda huo mrefu ulimfaa mfasiri, maana alipata nafasi ya kutafuta neno, kuuliza, kukosea na kusahihisha. Maabara inayopelekwa mahali penyewe imeufuta muda huo. Jibu hupatikana jioni ileile, na sheha, mkulima na mlinzi wa msitu wamesimama pale pale wakingoja kuambiwa. Neno lisipokuwa tayari siku hiyo, litabuniwa kwa pupa, na likishatamkwa mbele ya watu litakuwa gumu kuondoka.

Kwa hiyo hatuyachukulii mambo haya kuwa ni mapambo ya wanalugha. Tutayaangalia kwa mafungu matatu: jina la chombo chenyewe, jina la mahali kinapokwenda, na majina ya vitu kinavyovipima.

2. Jina la chombo

Katika hotuba, mabango na ripoti tunakutana na majina matatu hasa: maabara tembezi, maabara inayotembea na maabara inayohamishika. Yote matatu yanaeleweka, wala hatusemi kwamba aliyeyatumia hajui Kiswahili. Tunachosema ni kwamba hayakupimwa.

Tuanze na tembezi. Kiswahili kinajua kuunda sifa kwa kiishio cha -zi, kama katika -pelelezi na -chokozi. Lakini sifa za namna hii humwelezea yule atendaye jambo kwa tabia au kwa mazoea yake. Mtembezi ni mtu apendaye kutembea. Maabara haina mazoea ya kutembea. Inabebwa, inapelekwa, inatuliwa. Zaidi ya hayo, kutembea katika matumizi ya pwani kunakaribia matembezi, yaani kwenda bila shughuli maalumu, kama watu wanavyokwenda Forodhani jioni kupunga upepo. Kazi ya kupima udongo katika jua la mchana haistahili kupewa jina linalonukia matembezi ya jioni.

Maabara inayotembea ina kasoro hiyohiyo na nyingine juu yake. Ni sentensi iliyofupishwa, haijawa jina. Istilahi njema huzaa. Tukipata jina la chombo, tutataka pia jina la fundi wake, la kanuni zake na la gharama zake. Jaribu kusema “kanuni za usalama za mafundi wa maabara zinazotembea”, utaona kwamba msikilizaji hajui ni kipi kinachotembea, mafundi au maabara.

Maabara inayohamishika ndiyo inayoonekana kuwa ya kitaalamu zaidi, na kwa hiyo ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Hapa pana matatizo mawili. Kwanza, kinyambuo cha -ik- huonyesha uwezekano tu. Kinachohamishika ni kile kinachoweza kuhamishwa, na kwa maana hiyo kabati la vitabu nalo linahamishika. Pili, na hili ni kubwa zaidi, kuhama kwa Kiswahili ni kuondoka mahali ulipokuwa ukikaa ukaenda kukaa pengine. Aliyehama Makunduchi akaja Mjini hakai Makunduchi tena, hata kama huenda kila mwaka kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Ilhali maabara tunayoizungumzia hairidhiki kukaa inapokwenda. Ina kwao, na kurudi kwao ni sehemu ya kazi yake.

Je, Kiswahili hakina neno kwa kitu kiendacho mbali kwa muda, kikapiga kambi, kikafanya kazi ya msimu kisha kikarejea? Kinalo, na Unguja linajulikana vizuri. Wavuvi watokao vijijini mwao wakaenda kuvua pwani ya mbali kwa msimu, wakilala huko katika vibanda na kurudi msimu unapokwisha, husemwa wamekwenda dago, au wamepiga dago. Wengine husema ago. Hawakuhama, wala hawakutembea. Wamekwenda na vyombo vyao vyote vya kazi, na wanaporudi hurudi navyo. Kila sifa ya maabara yetu imo katika neno hilo: kambi, msimu, vyombo, kazi na marejeo. Tunapendekeza basi maabara ya dago kwa ile inayokwenda na kupiga kambi mahali pa utafiti kwa siku au wiki kadhaa.

Kwa vifaa vidogo anavyochukua mtafiti mmoja begani, jina lipo tayari. Wahudumu wa afya nchini Tanzania wamekuwa wakisema huduma za mkoba na kliniki ya mkoba kwa huduma zinazofuata watu walipo. Mkoba ni wa msafiri, wa mvuvi na wa mganga. Kila mmoja wao hutia humo kile asichoweza kufanya kazi bila ya kuwa nacho. Maabara ya mkoba itaeleweka Jambiani kama itakavyoeleweka Kigoma. Na pale ambapo gari lenyewe limejengwa kuwa maabara, tusione haya kusema maabara ya gari. Tutakuwa na majina matatu kwa vitu vitatu, badala ya majina matatu yanayogombea kitu kimoja.

Tunajua kuna pingamizi. Itasemwa kwamba dago ni neno la wavuvi wa pwani, na msomaji wa Dodoma au wa Mbeya halijui. Ni kweli. Lakini kabla ya kufundishwa skuli, msomaji huyo alikuwa hajui pia neno ikolojia, na hakuna aliyeona kuwa hilo ni kizuizi. Ikiwa lazima msomaji ajifunze neno jipya, basi ajifunze lile ambalo tayari lina watu wanaolitumia.

3. Jina la mahali

Hapa ndipo tunapokutana na mfano ulio wazi kuliko yote wa istilahi iliyoundwa mezani. Kwa miaka mingi wataalamu wetu wameuita utafiti ufanywao nje ya maktaba na maabara utafiti wa uwandani. Neno limekita mizizi katika tasnifu na vitabu, hasa katika taaluma ya lugha na fasihi, na mwanafunzi wa isimu anaposema amekusanya data uwandani hapana anayemwelewa vibaya.

Lakini mpeleke mwanafunzi wa elimu ya udongo katika kisiwa cha Unguja, jambo hubadilika. Wakulima wa kisiwa hiki wana uainishaji wao wa ardhi, na ni uainishaji ulio makini kiasi kwamba wataalamu wa udongo wa zama za ukoloni waliuchukua na kuutumia katika maandishi yao. Kichanga ni udongo wa mchangamchanga. Kinongo ni udongo mwekundu. Kinamo ni udongo mzito unaonata, ambao mabondeni hulimwa mpunga. Maweni ni pale mwamba wa matumbawe ulipotokeza, na udongo umejificha katika mianya. Na uwanda ni nchi tambarare yenye udongo mwembamba juu ya mwamba huohuo wa matumbawe, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya kisiwa. Sasa mtafiti aandike: “Sampuli hizi zilichukuliwa uwandani.” Msomaji wa Dar es Salaam ataelewa kwamba hazikuchukuliwa maktabani. Msomaji wa Ukongoroni ataelewa kwamba hazikuchukuliwa katika kinongo wala katika kinamo. Sentensi moja imetoa habari mbili, na moja kati ya hizo inaweza kuwa ya uongo. Katika taaluma ambayo aina ya udongo ndiyo habari yenyewe, kosa hili si dogo.

Wengine wamejaribu kuepuka kwa kusema utafiti wa nyanjani, nao wakaangukia katika viwanja vya mpira na vya ndege. Wengine wamesema maskanini. Kwa mtu wa Unguja maskani ni pale vijana na wazee wanapokaa kuzungumza, mara nyingi siasa; mtafiti wa vyura hatapenda kazi yake ihesabiwe huko. Waliosema shambani wamekaribia zaidi, kwa kuwa katika Unguja kila kilicho nje ya Mji ni shamba, na mtu wa Mji Mkongwe anayekwenda Nungwi husema anakwenda shamba hata kama hana jembe. Lakini neno hilo nalo limekwisha chukuliwa na wataalamu wa kilimo kwa majaribio ya mimea, na tukililazimisha tutaleta mgongano mpya.

Rai yetu ni hii. Neno uwandani libaki katika taaluma za lugha na jamii, ambako limeshazoeleka na halidhuru. Katika taaluma za udongo, mimea na wanyama, mtafiti aseme utafiti wa mahali penyewe, kisha alitaje hilo mahali kwa jina lake: mwituni, maweni, kondeni, mikokoni. Jina la jumla linahitajika katika kichwa cha habari tu. Ndani ya ripoti, usahihi ndio unaohitajika.

Mfano wa pili ni nchi kavu. Istilahi hii hutumika kutofautisha viumbe vya ardhini na vile vya majini, na kwa bara haina taabu kubwa. Lakini msitu wa Jozani umeota mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso, na wakati wa masika sehemu zake hufurika. Mtafiti aliyesimama humo, maji yakimfika magotini, ataandika vipi kwamba anachunguza ikolojia ya nchi kavu? Kaskazini ya msitu huo mikoko ya Ghuba ya Chwaka huzama na kuibuka kila siku kwa maji kupwa na kujaa. Watu wa huko hawaiiti yote mikoko tu. Wanajua mkandaa, wanajua mchu, wanajua mlilana, na wanajua upi huota karibu na bahari na upi hurudi nyuma. Kwao mpaka baina ya bahari na nchi ni ukanda mpana wenye majina ndani yake. Tunaona afadhali kusema ikolojia ya ardhini kuliko ya nchi kavu, maana ardhi yaweza kulowa ikabaki ardhi, lakini kilicho kavu hakiwezi kulowa kikabaki kikavu.

4. Majina ya vinavyopimwa

Neno kubwa katika fungu hili ni mfumo ikolojia, ambalo wengine huandika mfumo wa ikolojia, na wengine hutia e badala ya i ya kwanza. Tuna lawama moja ya maana juu yake. Ikolojia ni jina la elimu, lililoundwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Mwingereza Arthur Tansley alipotaka jina la mfumo wenyewe mwaka 1935, hakuutaja kuwa mfumo wa elimu hiyo. Alilichukua lile neno la nyumba moja kwa moja akaliunganisha na neno mfumo. Sisi tumeuita mfumo kwa jina la elimu inayouchunguza. Ni kama kwamba sayari na jua lake tungeliziita mfumo wa elimu ya nyota, badala ya mfumo wa jua. Msitu ulikuwapo kabla ya wanaikolojia, na utakuwapo siku ambayo hakuna hata mmoja wao kazini.

Hata hivyo hatupendekezi neno hili liondolewe. Limekwisha ingia katika vitabu vya skuli na nyaraka za serikali, na istilahi iliyozoeleka ikiwa na kasoro mara nyingi ni bora kuliko istilahi kamili isiyojulikana na mtu. Tunaomba tahajia moja tu ishikwe. Tumelitaja ili kuonyesha kwamba hata neno la msingi kabisa lilipita bila ya kuulizwa maana yake.

Majina ya wanyama yana taabu ya namna nyingine. Kuna kima wa Unguja mwenye mgongo mwekundu ambaye hapatikani kwa asili popote nje ya visiwa hivi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kima hao zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa hapo kabla. Kwa Kiunguja jina lake ni kima punju. Maandishi mengi humwita mbega mwekundu wa Zanzibar, na kwa kipimo cha uainishaji wa kisayansi hayakukosea, kwani mnyama huyu ni wa jamii ya mbega. Lakini mwenyeji wa Pete hamjui mbega. Anamjua kima, na anamjua kima punju, na hawachanganyi. Ripoti inayosema “mbega” itasomwa kijijini kuwa ni habari za bara.

Jina hilo lina jambo zaidi. Punju ni sumu. Mwaka 1997 Thomas Struhsaker na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya tabia ya ajabu ya kima hawa, ya kula mkaa wanaouokota katika matanuri na majikoni. Majani ya mkungu na ya mwembe, ambayo ni chakula chao katika mashamba, yana virutubisho vingi, lakini pia yana kemikali zinazoweza kudhuru au kuzuia chakula kisisagike. Mkaa huzikamata kemikali hizo. Hapa mfasiri mzembe ataandika kwamba mkaa huzinyonya, nalo ni kosa la kisayansi. Kitambaa hunyonya maji. Maji huingia ndani yake. Mkaa hauvuti kemikali ndani ya mwili wake kwa namna hiyo. Huzishika juu ya uso wake, kama ndege anavyoshikwa na ulimbo. Kiswahili kina kunyonya na kina kunasa, na tofauti baina ya maneno haya mawili ndiyo ileile ambayo mwanakemia anaihitaji. Hatukulazimika kukopa, tulihitaji tu kumkumbuka mtega ndege.

Sasa tuje katika mfano wenye uzito kuliko yote, kwa kuwa unagusa riziki ya watu. Wakulima wanaopakana na Jozani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kima punju wanawaharibia minazi. Mwaka 1999 Kirstin Siex na Struhsaker walichapisha matokeo ya kuhesabu minazi hiyo kwa uangalifu. Walikuta kwamba kima hula nazi zikiwa bado changa sana, na kwamba pale walipokula nyingi, mavuno ya mwisho hayakupungua. Kinyume chake, yalielekea kuwa mengi zaidi. Maelezo yao ni kwamba ulaji huo hufanya kazi kama ya kupogoa.

Chukua matokeo hayo uyapeleke kijijini kwa maneno haya: “Kima wakila nazi, mavuno huongezeka.” Msemaji atachekwa, na atastahili. Katika Kiswahili nazi ni tunda lililokwisha pevuka, na kila kima alilolila ni moja lililopungua kikapuni. Lakini Kiswahili hakiishii katika nazi. Kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, ndipo ije nazi. Mkulima anajua bila ya kufundishwa na mtu kwamba vidaka havifiki vyote, kwamba vingi hupukutika vyenyewe. Mwambie kwamba kima anakula vidaka, mti ukabaki na vichache vinavyoshiba, naye atasikiliza. Pengine atabisha, lakini atabisha juu ya jambo lenyewe. Mgogoro wa miaka baina ya wahifadhi na wenye minazi unaweza kuwashwa au kupozwa na neno moja, na neno hilo halihitaji kamati. Linahitaji mfasiri aliyewahi kusimama chini ya mnazi.

Mfano wetu wa mwisho unatoka katika kazi kubwa iliyofanywa kisiwani humu baina ya mwaka 1994 na 1997, ya kuwamaliza mbung'o. Madume ya mbung'o yalilelewa Tanga, yakapigwa mionzi ili yasiweze kuzalisha, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kwa mamilioni. Jike akipandwa na dume la namna hiyo hapati kizazi. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na tangu hapo ng'ombe wa Unguja wameokoka na nagana. Je, dume huyo aitwe nani? Hanithi hawezi kuwa, kwa sababu hanithi hapandi, na mbinu yote hii inategemea dume apande. Maksai hawezi kuwa, kwa kuwa hakuhasiwa. Tasa ndilo neno linalobaki, nalo kwa mazoea huelekezwa kwa jike. Kusema dume tasa ni kulipanua neno, na upanuzi huo ni halali, ilmradi ufanywe kwa kujua na uelezwe. Asiyejua tofauti za maneno haya anaweza kumfahamisha mkulima kinyume kabisa cha jinsi mbinu inavyofanya kazi.

5. Kinachohatarishwa

Tumetaja kwamba maabara ya dago hutoa majibu mbele ya watu. Liko jambo lililotangulia majibu, nalo ni ruhusa. Kwa masikio ya watu wengi wa shamba, maabara ni pahali pa kupimwa damu, choo na mkojo. Pemba kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na kazi zake za kupambana na kichocho, minyoo na malaria zinajulikana. Gari likifika kijijini likiwa limeandikwa “maabara” bila ya neno jingine, mama atakuja na mtoto mwenye homa, na atakuwa na haki. Akiambiwa kwamba wageni hawa wanapima udongo na kinyesi cha kima, atarudi nyumbani na swali ambalo litawasumbua watafiti muda mrefu. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba jina liandikwe kwa ukamilifu: maabara ya dago ya udongo, maabara ya dago ya wanyama wa mwitu. Maneno mawili zaidi ubavuni mwa gari ni gharama ndogo.

Vivyo hivyo na neno sampuli. Sheha anapoombwa ruhusa ya kuchukua sampuli, anafahamu kitu kidogo cha kuonyesha, kama mfanyabiashara anavyoonyesha karafuu kiganjani. Hafahamu kwamba kitu hicho kitahifadhiwa, kitasomwa jeni zake, na pengine kitabaki katika ghala la nchi nyingine. Tunapendekeza sampuli iwe ile inayopimwa ikaisha, na kielelezo kiwe kile kinachohifadhiwa. Mtu aliyeridhia sampuli asihesabiwe kuwa ameridhia kielelezo.

6. Mapendekezo

Utaratibu wa mabaraza yetu unajulikana. Katika kuunda istilahi tunatakiwa kuanza na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za nchi, ndipo tuende nje. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba ngazi ya kwanza hurukwa, si kwa ubaya, bali kwa kuwa kamusi za kigeni ziko mezani na mkulima wa Charawe hayuko. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha Mjini baada ya kikao cha Mombasa cha mwaka 1928, na hilo limetufanya tudhani kwamba Unguja yote imekwisha ingia kamusini. Haikuingia. Ulioingia ni Mji. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limefanya kazi ya kusifiwa kwa kutoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na pia makamusi ya lahaja za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Tunachoomba ni kwamba makamusi hayo yafunguliwe na kamati za istilahi za sayansi kabla ya kufungua ya Kiingereza.

Kwa muhtasari, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, majina ya maabara ya dago, ya mkoba na ya gari yajaribiwe katika ripoti na maoni ya watumiaji yakusanywe. Pili, kila istilahi ya ikolojia inayosanifiwa iambatane na maelezo mafupi kama neno hilo lina maana nyingine mahali popote pa Waswahili, kama tulivyoona kwa uwanda. Tatu, majina ya wenyeji ya udongo, miti na wanyama yaandikwe katika ripoti za utafiti kando ya majina ya Kilatini, wala yasitafsiriwe kutoka Kiingereza. Nne, kila timu ya watafiti inayokwenda shamba iwe na mtu mmoja mwenye jukumu la maneno, ambaye atauliza kabla ya kuandika.

7. Hitimisho

Hatudai kwamba mapendekezo yetu yote yatakubaliwa. Huenda dago likashindwa na hamishika, kwa kuwa hamishika limetangulia kuchapwa. Maneno nayo hushindana, na si kila mara lililo bora hushinda. Lakini hatukubali kwamba ushindi uamuliwe na haraka. Mtaalamu wa udongo haamini udongo alioelezwa. Huenda akautoboa, akaushika, akaupima. Sisi wa istilahi tunatakiwa kuyatendea maneno yetu hayohayo. Wasomaji wenye maneno ya mahali pao juu ya mambo tuliyoyataja, hasa wa Makunduchi, Tumbatu na Pemba, tunawaomba watuandikie.